Nyigu wa Tullen na Vocha za Shule

Tullen, Texas
Machi 3

Mdogo wangu Twyla,

Salamu utazikuta mwisho wa barua, sasa hivi sina nafasi nazo. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu wewe na mimi hatuwezani. Tangu ile Krismasi uliponikatia simu nikiwa katikati ya maneno, nimeona heri karatasi. Kwenye karatasi huwezi kunirukia kabla sijamaliza.

Basi nisikilize. Hizo vocha za shule mnazozipigia debe huko Lubbock zitatumaliza. Jimbo linailipa shule yetu kwa kichwa cha mtoto aliyekaa darasani, unajua hilo. Sasa bunge likipitisha kwamba mzazi apewe pesa hizo mkononi aende nazo shule ya binafsi, sisi tubaki na nini? Shule ya binafsi iliyo karibu nasi iko huko kwenu, mwendo wa saa nzima. Hakuna mtoto wa hapa atakayeiona hata kwa dirisha. Lakini mfuko ni mmoja, ukichotwa kwenu na kwetu unapungua. Bw. Ansley, mkuu wa shule, ametuambia bila kumung'unya: pesa zikishuka tena tunafunga, na watoto wanahamia Brickell. Brickell, Twyla, mahasimu wetu wa mpira. Mimi niliyeendesha basi la Tullen tangu nywele zangu nyeusi, niwapeleke watoto wetu Brickell kwa mikono yangu.

Ukiiondoa shule hapa kinabaki nini? Posta, pampu ya mafuta na makaburi.

Wiki ijayo nina safari. Sikwambii ya wapi maana utanuna. Utasikia tu.

Haya, salamu sasa. Shemeji yako Leland hajambo, goti tu linamsumbua. Mbusu Coulter, mwambie mama mkubwa anamuulizia.

Dada yako,
Nelda

*

Lubbock
Machi 7

Da Nelda,

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoniamuru. Sasa na wewe kaa chini, weka kahawa mbali, usome.

Coulter ana miaka tisa na hawezi kusoma jina la mtaa anaokaa. Si mjinga. Mfungulie injini ya mashine ya nyasi atakutajia kila kipande. Lakini herufi zinamruka, leo anaijua, kesho inamkana. Darasani wako wengi mpaka mwalimu anawaita kwa mistari ya viti. Walimu wenyewe wamebadilika mara tatu tangu shule ifunguliwe. Kuna mama mmoja mtaalamu wa watoto kama yeye, anazunguka shule zote za upande huu wa mji, na sisi tuko kwenye foleni yake. Foleni ya mwaka wa pili sasa. Jana Coulter alijifanya tumbo linamuuma ili asiitwe kusoma mbele ya wenzake. Nilimlaza, nikamkanda tumbo, wote wawili tukijua haliumi.

Ile shule ya kanisa karibu na kazini kwangu ina watoto kumi darasani. Nimeingia mwenyewe nikaona, kuna zulia la kukalia na mwalimu anayechuchumaa akiongea na mtoto. Nikipata vocha anaingia Agosti. Mshahara wa kupokea wagonjwa wa meno hauwezi kulipa ada ile, na baba yake unamjua.

Wewe unapigania jengo, mimi napigania mtoto. Usiniambie habari za mfuko.

Hiyo safari ni ya wapi?

Twyla

*

Lubbock
Machi 13

Da Nelda, dada yangu wa pekee,

Nifutie kila nilichowahi kukuambia, hata ile ya Krismasi. Nimekuona gazetini.

Umesimama kwenye ngazi za bunge kule Austin, manjano kuanzia kofia mpaka soksi, skafu ya vocha shingoni na sandwichi mkononi, na unacheka mpaka jino la dhahabu linaonekana. Nyuma yako nusu ya Tullen, wote manjano. Hata Bw. Ansley, mwanamume ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu tangu anifundishe hesabu. Chini wameandika: "Vijiji vyaja kudai vocha." Nimelia pale mapokezini mpaka daktari akatoka kuuliza nani amekufa.

Kumbe hiyo ndiyo safari uliyonificha. Kumbe ulisoma barua yangu, ukaenda ukasema na watu wako. Nilikuita mbishi mbele za watu, Mungu anisamehe.

Na umeona alichosema mbunge wenu Hambright? Amesema siku zote alikuwa apige kura ya hapana, lakini kama watu wake wa Tullen wamepanda basi kabla ya jua kuchomoza kwenda kudai vocha, yeye ni nani awakatalie. Wanasema kura zinakaribiana sana, mtu mmoja anaweza kuugeuza muswada. Dada, umeugeuza wewe.

Nimemwonyesha Coulter picha. Amekutambua bila kusoma.

Akupendaye,
Twyla

*

Tullen
Machi 16

Twyla,

Pangusa machozi na ukae, maana hiki ninachokwambia kitakuuma, na mimi kimeniaibisha vya kutosha.

Watu wa Tullen tukisafiri tunavaa nini? Manjano. Mechi, maonyesho ya ng'ombe, mazishi ya kocha Dwight, manjano. Sisi ni Nyigu tangu timu ya shule ipewe jina hilo. Nilipotangaza kanisani kwamba safari ya Austin ni ya sare, hakuna aliyeuliza sare gani. Tulikuwa tunakwenda kuzipinga hizo vocha zako, na mimi nilikuwa nimeandikishwa kusema mbele ya kamati.

Tunafika bungeni, tunakuta ngazi zimejaa manjano tele. Bw. Ansley akashuka kwenye basi akasimama, akaniambia, "Nelda, sikujua tuna mashabiki huku." Nami nikaamini. Wakatupokea vizuri mno, wakatufunga skafu, wakatugawia sandwichi za bata mzinga. Nilikula mbili. Nani angejua manjano ndiyo rangi ya watu wa vocha?

Utauliza, na wenzenu wa kupinga walikuwa wapi? Walikuwa ng'ambo ya pili ya ngazi, na wote wamevaa nyekundu. Nyekundu, Twyla, rangi ya Brickell. Tuliwaona. Leland akasema, "Brickell hao, msiwatazame," tukapita mbali na vichwa juu. Watu waliotoka kila pembe ya Texas kututetea, sisi tunawanunia tukidhani ni Brickell.

Ndani nilipoitwa nikasema mimi ni Nelda Schroeter na ninapinga. Mwenyekiti akaitazama ile skafu, akauliza kwa upole, "Mama, una hakika?" Dakika mbili nilizopewa zikaishia kwenye kueleza nguo.

Kwa hiyo sikugeuka. Bado nazipinga. Hambright ametuelewa kinyumenyume, na simu ya ofisi yake imejaa ujumbe wa watu wa Tullen mpaka haipokei tena.

Najua ulivyofurahi. Hilo ndilo linaloniumiza, si sandwichi.

Nelda

*

Lubbock
Machi 20

Da Nelda,

Nilipofika kwa Leland na Brickell nilicheka mpaka nikashika meza. Halafu nikamaliza kusoma.

Nilikuwa na dada kwa siku sita. Zilikuwa siku nzuri.

Usinitume kumwambia Hambright mmekosea nguo. Akipiga kura ya ndiyo kwa sababu ya soksi zako, basi nitazibusu hizo soksi.

Twyla

*

Tullen
Machi 28

Twyla,

Hukuniandikia wiki nzima na sikulaumu, ila sasa nina habari, na ukinuna ununie njiani ukija.

Hambright anakuja Tullen Jumamosi ya wiki ijayo, saa nane mchana, ukumbi wa michezo wa shule. Amesema anataka kutusikia kwa masikio yake kabla ya kura. Mji mzima umewaka. Wanawake wa kanisani wanaoka pai tangu jana, wavulana wamefagia ukumbi mara mbili bila kuambiwa, na mimi nimepewa kazi ya kushika kipaza sauti na kuita majina.

Nataka niite na lako.

Bw. Ansley anasema nimerukwa na akili, kumleta mtu wa vocha tukiwa tumeponea chupuchupu. Nimemwambia Hambright ameshadanganywa na nguo mara moja, safari hii asikie watu, na Twyla ni mtu wa hapa, kasoma hapa, mama yetu kazikwa hapa. Mtu akikuzomea nitamnyang'anya pai yake mbele za watu.

Njoo useme habari za Coulter. Mimi nitasema zangu. Kisha tutakula.

Nelda

*

Lubbock
Aprili 24

Da Nelda,

Haya, mmeshinda. Nilisikia redioni nikiwa kazini, muswada umeanguka kwa kura chache na Hambright alikuwa mmoja wa hapana. Najua mlipiga honi za magari mpaka betri zikachoka. Sikuandika mapema kwa sababu sikujiamini na kalamu.

Wewe na watu wako mlinitendea haki siku ile ya ukumbini, lazima niseme. Nilisimama nikasema Coulter anavyojisingizia tumbo. Hakuna aliyepiga makofi, ila nilipokaa bibi mmoja nyuma yangu alinisukumia pai nzima ya pekani mapajani. Kisha Hambright akauliza kama shule ya Tullen ingempokea mtoto wa namna hiyo, Bw. Ansley akajibu, "Mlango wa shule ya umma hauna komeo," mkashangilia wote. Nilikuona ukishangilia.

Sasa nikwambie nililokuficha. Ile shule ya kanisa yenye zulia ilimpima Coulter mwezi Januari, kabla hujaniandikia barua ya kwanza. Wakamkataa. Walikuwa wapole sana, wakasema hawana mwalimu wa watoto wa aina yake na wasingependa kumpotezea muda. Shule ya binafsi inachagua, nalijua hilo sasa kuliko mtu yeyote kwenye ule ukumbi wenu. Hata vocha ingepita, pale asingeingia.

Kwa nini nilizipigania? Kwa sababu niliamini nikiwa na pesa mkononi nitazunguka Texas nzima mpaka nimpate mmoja wa kusema ndiyo. Mtu asiye na pesa akiambiwa hapana anarudi nyumbani. Nilichoka kurudi nyumbani, Nelda.

Twyla

*

Tullen
Aprili 28

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako kwenye basi, injini inanguruma, watoto wameshashuka. Nimekasirika mpaka sasa, lakini si juu yako.

Mlango hauna komeo, kweli. Ila Hambright angeuliza swali moja zaidi, nani atamfundisha akishaingia, tungetazama dari wote. Hatuna mtu wa kumfundisha mtoto kama Coulter. Hatujawahi kuwa naye. Nililijua hilo nilipokuwa nashangilia, nikashangilia vilevile.

Na pesa tunayo, hilo ndilo linalonichemsha. Kodi ya ile mitambo ya umeme wa upepo imeingia sasa hivi, na Jumatatu ijayo bodi ya shule inapigia kura taa mpya za uwanja wa mpira, maana za zamani mkaguzi amekataa zisiwashwe. Unajua Ijumaa jioni ilivyo hapa, mji mzima uko uwanjani. Ukigusa taa za uwanja umegusa madhabahu. Na Leland yumo kwenye bodi.

Nimejiandikisha kusema. Sijamwambia Leland. Jina langu atalikutia hukohuko.

Usifanye lolote mpaka nikuandikie.

Nelda

*

Tullen
Mei 6

Twyla, Twyla, Twyla,

Kura nne kwa tatu. Tunaajiri mwalimu wa kusoma, mtaalamu aliyesomea hasa, na Agosti anaanza. Nimemwaga kahawa kwenye bahasha, samahani.

Ngoja nikueleze vizuri. Ukumbi ulijaa wanaume wa taa. Nikapewa dakika tano. Nikasema tumekwenda Austin mwendo wa siku nzima tukaiambia Texas kwamba shule ya umma haimkatai mtoto. Tumepewa tulichotaka. Basi kama kuna mtu hapa anataka Coulter wa Twyla abaki hajui kusoma ili sisi tuone mpira gizani, asimame aseme kwa jina lake, nami nitalipeleka jibu lake kwa Twyla. Nikakaa kimya na kipaza sauti mkononi. Dakika zangu zilikuwa bado nyingi nikaziacha zipite hivyohivyo, wakihangaika kwenye viti.

Mechi zitachezwa Ijumaa saa tisa alasiri, juani, mpaka pesa nyingine ipatikane. Kocha haniamkii. Kuna mtu ameniandikia neno kwenye vumbi la basi, nimeliosha. Leland alipiga kura ya taa. Sasa analala kwenye kochi kwa hiari yake mwenyewe, ila mezani anakuja, tena anaongeza.

Mpango ni huu. Basi langu linageuzia kwenye kiwanda cha pamba, pale mpaka wa wilaya yetu unapoishia. Kutoka kwako ni nusu saa. Unamleta Coulter pale asubuhi kabla ya kazi, jioni unamchukua palepale. Bw. Ansley ameshatia saini ya kumpokea. Hakutabasamu, lakini kasaini.

Najua shule yetu ni ndogo na haina zulia. Niambie ndiyo.

Nelda

*

Lubbock
Mei 9

Ndiyo.

Twyla

*

Lubbock
Novemba 12

Da Nelda,

Hii nimeitia kwenye mkoba wa Coulter kwa sababu pale kiwandani unanipungia mkono tu na kuondoa basi, na jambo lenyewe linahitaji nafasi.

Kwanza, asante. Nimeshasema, narudia. Jumapili alikaa na sanduku la nafaka mezani akalisoma upande mmoja wote, kwa kidole, jasho linamtoka. Nilijifanya naosha vyombo. Nilivyoosha vilikuwa safi.

Pili, na hapa usikasirike. Bunge likifunguliwa tena nitakwenda Austin kuzitetea vocha. Nimeona nikwambie mwenyewe usije ukanikuta gazetini.

Mlango wa pili kutoka kwangu anakaa Yesenia, anafanya usafi hospitalini, anaondoka alfajiri na hana gari. Binti yake Marisol alikuwa darasa moja na Coulter, shida ileile, foleni ileile. Bado yuko kwenye foleni. Jana aliniuliza Coulter amekwenda wapi. Ningemwambia nini? Coulter amepata shule kwa sababu mama yake mkubwa ana basi na ana mdomo. Marisol hana mama mkubwa Tullen. Watoto wangapi hawana? Mimi siwezi kushiba nikanyamaza, Nelda. Kama si vocha, niambie ni nini, nami nitalitetea hilo.

Mdogo wako,
Twyla

*

Tullen
Novemba 12

Mdogo wangu Twyla,

Barua yako sikuisoma. Nimesomewa.

Tulipotoka kiwandani Coulter alikuja kukaa kiti cha nyuma yangu, kama kawaida yake, nikasikia karatasi inachanwa. Nikamwambia hiyo si yako. Akasema, "Imeandikwa Nelda." Nikataka kumwambia airudishe, halafu akili ikanifika nini kimetokea, nikashika usukani, nikamwacha.

Akasoma. Polepole, mwanangu weye. Neno likimkataa anarudi nyuma anakuja nalo tena. Kwenye "alfajiri" alikaa mpaka tukapita shamba lote la Kessler, akalipata. Watoto wengine wakainama mbele kumsikiliza. Sikuweza kupangusa macho kwa sababu ya barabara, nikaacha yamwagike. Habari za Marisol nimezisikia kwa sauti yake, na ule mdomo wangu ulioutaja pia. Alipofika "hana mama mkubwa Tullen" akasoma mara mbili. Sikumwuliza kama ni kwa kukosea.

Kwa hiyo kuanzia leo siri usizitie kwenye mkoba.

Nenda Austin. Vocha bado nazipinga na nitakuja kukupinga, na safari hii nitavaa kijani. Kuhusu watoto wengine wote wa Texas walio kwenye foleni sina jibu, na nimelitafuta njia nzima ya kurudi nyumbani. Lakini wewe nawe, mwenzangu, kila asubuhi unakuja kiwandani na viti vitatu vitupu kwenye gari, halafu unataka kwenda Austin kumtafutia Marisol shule. Hii nakupa mkononi jioni kiwandani, ongea na Yesenia leo hii. Mtoto avae koti zito, heater ya nyuma ya basi ni mbovu.

Nimepita ofisini kumwambia Bw. Ansley kuna mtoto mwingine kesho. Amevuta fomu. Hakuuliza ni wa nani.

Dada yako,
Nelda